Upande wa Kushoto, Chini ya Goti

Bunia, tarehe 3 mwezi wa sita 2024

Kwa yaya yangu Léonie,

Samaki zilifika. Kule, dereva wa gari ya samaki, alishusha kitunga hapa mbele ya atelye yangu, na barua yako ilikuwa chini ya majani, sasa inanuka moshi na mimi pia ninanuka moshi. Wakliya wananiuliza kama nimeacha plastiki nimeanza kuuzisha samaki za makayabo. Asante sana, yaya. Rezo ya simu ya kwenu Tchomia ingali imekufa? Nilijaribu kupiga siku ya yenga kisha kanisa, simu ikalia fasi yoyote isipokuwa kwako. Basi tuendelee na karatasi na gari ya samaki, sawa wazee wetu.

Kuhusu shemeki Lionel, sina habari mupya. Tangu mwezi wa pili, alipopakia ku pikipiki yake ule kliya wa kwenda Bambu na hakurudia, kila motari anayesimama hapa ninamuuliza. Wanatikisa kichwa, wanaondoka. Siwezi kukudanganya, na siwezi pia kukaa na jambo hilo katika barua nzima, kwa kuwa nitashindwa kuimaliza. Acha nikuelezee kazi.

Sébastien, yule mwenye kuuzisha pikipiki za okazyo, zilizokwisha kutumiwa, karibu na soko, aliniletea moja nyekundu. Motere iko muzima, rezervwari ya mafuta imepakwa rangi mupya. Lakini ile kifuniko ya plastiki nyeusi ya upande wa kushoto, chini ya goti ya mwenye kuendesha, ilikuwa na vidonda vya kuogopesha. Unajua plastiki hiyo haiko laini. Iko na vinundu vidogo vidogo, sawa ngozi ya chungwa. Mutu asiyejua kazi anasugua mikwaruzo, anafurahi, kisha anaona fasi aliyosugua inangaa sawa kichwa ya mupara. Mukwaruzo ulitoka, lakini kila mutu anauona kutoka ngambo ya barabara.

Mimi sifanye vile. Ninakata vipande vya plastiki ya namna ileile, ninaviyeyusha na asetone mpaka vinakuwa sawa uji, ninajaza vidonda. Ikikauka ninasugua mpaka inakuwa sawasawa. Halafu vinundu ninavitafuta fasi ingine ambako kifuniko ingali muzima: ninakanda silikoni ya madirisha pamoja na unga wa muhogo, kama vile weye unasonga bukari, ninapaka maji ya sabuni, ninakandamiza. Ikikomaa ninaibandua. Njo chapa yangu hiyo. Ninapaka uji mwepesi juu ya kidonda, ninaigonga na chapa kabla haijakauka, vinundu vinarudi.

Chapa ya kwanza niliiharibu. Nilikuwa na haraka, nikaikandamiza hata mbele ya kujaza, karibu sana na kidonda, ikashika vinundu na mikwaruzo pamoja. Ningeitumia, ningerudishia kliya mikwaruzo yake yote. Nilijitukana, nikaitupa mu kopo, nikakanda ingine. Ya pili ilitoka vizuri. Sébastien alipitisha kidole gumba, akaniuliza kidonda ilikuwa wapi. Nilikaa na furaha siku nzima, yaya, na nilikuwa ninaihitaji.

Nisalimie mutoto Priscille na mama mukwe wako.

Mudogo yako,
Ézéchiel


Tchomia, tarehe 11 mwezi wa sita 2024

Ézéchiel, mudogo yangu,

Nimesoma barua yako, na nimejua sasa ginsi ya kusonga silikoni. Mutu ana bwana amepotea miezi minne, ndugu yake anamuandikia juu ya vinundu. Lakini nilisoma yote, mpaka mwisho, na nilisoma tena.

Hapa mvua haitaki kuacha. Kuni ni mbichi, samaki zinakauka nusu, nusu zinaoza. Priscille ana meno mapya na anauma kila mutu. Mama mukwe Bénédicte hajambo, ulimi wake pia haujambo. Anasema tena kwamba muchimbaji mumoja alimuona Lionel ku Bambu, amenenepa, anachota zahabu, na amekamata bibi mwingine huko, mwanamuke mufupi, mweupe, mwenye kujua kupika. Anasema alikimbia kwa sababu ya kinywa yangu. Kila siku anaongeza kitu juu ya ule mwanamuke. Juzi alimupatia nyumba ya mabati.

Unafikiri ninakasirika? Ninakasirika, ndiyo. Ninamuchukia ule mwanamuke bila kumuona. Lakini nikilala ninashukuru Mungu, kwa sababu mutu mwenye bibi mwingine anapumua. Nimekwisha kupanga maneno nitamuambia siku atarudia. Ni mengi, atayasikia akisimama mulangoni na sitamupatia kiti. Pasteri alikuja kuuliza kama hatufikirie kufanya matanga. Nilimuambia matanga ni ya maiti, na bwana yangu ni muzinzi tu. Alikunywa chai yake akaenda.

Sasa nijibu vitu hivi, na usiniulize sababu. Ile pikipiki ya Sébastien: ile mikwaruzo ilikuwa namna gani? Ilitoka wapi ikaenda wapi? Ni pikipiki iliyoanguka ku njia, ao ni mutu aliyekwaruza? Rangi nyekundu, ni yake ya kuzaliwa? Sébastien aliinunua kwa nani? Na ile chapa uliyoiharibu, ungali nayo ku kopo, ao uliitupa kabisa?

Andika mbio. Kule anarudi siku ya tano ya juma.

Yaya yako,
Léonie


Bunia, tarehe 17 mwezi wa sita 2024

Yaya Léonie,

Kumbe weye pia umependa kazi yangu! Miaka yote unaniambia nitafute kazi ya watu wazima, leo unaniuliza kama mwalimu wa shule. Nafikiri una kitu cha kutengeneza, ile beseni yako kubwa ao redio ya mama mukwe. Ilete tu, sitakulipisha.

Ninakujibu. Pikipiki haikuanguka. Ikianguka ku njia, mikwaruzo inalala upande mumoja, kwa kuwa njia inaivuta upande mumoja. Hii ilikwenda kila upande, juu, chini, ya kuzunguka. Mutu alichukua jiwe ao ncha ya tofali, akasugua kwa nguvu na kwa makusudi. Nilifikiri ni watoto, lakini watoto wanachoka mbele ya kufika pale.

Na kuko jambo lingine, nilikuwa nimelisahau. Ile mikwaruzo ya juu haikunisumbua. Kilichonisumbua kilikuwa chini yake: kulikuwa na mistari ya zamani kidogo, myembamba lakini ya kwenda ndani sana, kama ya kisu. Sikuweza kuona ilikuwa nini, kwa sababu jiwe lilipita juu ya yote. Mumoja, upande wa kulia, ulishuka murefu mpaka karibu kutoboa kifuniko. Ule nilijaza mara mbili. Ulikunywa uji wangu wote, na nilisugua tena na tena.

Rangi: hapana, haikuzaliwa nyekundu. Nilipofungua skruu niliona buluu chini. Pikipiki za buluu ni mingi Ituri, yaya, ziko sawa mbuzi. Najua ya shemeki ilikuwa ya buluu. Usianze mawazo. Ya shemeki niliipanda siku ya Noeli, nilikaa juu yake mpaka Kasenyi, na kifuniko yake ilikuwa safi pande zote mbili. Ningeijua.

Sébastien anasema aliinunua ku njia siku ya soko, kwa watu waliokuwa wanapita. Anasema hivyo juu ya pikipiki zake zote. Hii imekwisha kuuzishwa, mwalimu mumoja wa Aru aliichukua akaondoka nayo siku ileile.

Chapa mbaya ingali kwangu, niliitoa ku kopo. Ninaiweka chini ya muguu ya meza, meza isitikisike.

Niambie sasa ni beseni ao ni redio.

Ézéchiel


Tchomia, tarehe 20 mwezi wa sita 2024

Ézéchiel,

Itoe chini ya meza. Usiioshe. Usiikate ili ikuwe nzuri. Ifunge mu kitambaa, uipatie Kule mukononi, si ndani ya kitunga, samaki zisiigonge. Umuambie ni dawa ya mutoto.

Na weye usiiangalie.

Léonie


Bunia, tarehe 24 mwezi wa sita 2024

Yaya,

Kule ameichukua. Sikuiangalia. Leo sikufungua atelye.

Ukiniita nitakuja.

Ézéchiel


Tchomia, tarehe 2 mwezi wa saba 2024

Mudogo yangu,

Weye unayeandika kurasa nzima juu ya uji wa plastiki, umeniletea mistari mitatu. Kule alinipatia barua mbele ya kunipatia kitambaa. Nilisoma, na nikajua kwamba umeiangalia. Haiko neno. Hata mimi ningeiangalia.

Sasa nikuambie kile haukujua.

Alama ya Baba unaijua kunipita, weye ulikuwa unashika kamba akipasha chuma moto: pembe mbili, na mustari mumoja unaozikata, ku paja ya kushoto. Ng'ombe zilipochukuliwa na wezi ilibaki ile moja iliyokuwa mugonjwa, imefungwa nyuma ya nyumba. Ilipopona Baba aliiuzisha akanunulia Lionel pikipiki. Alisema mukwe wake ni mutu wa ziwa, hajui kuchunga ng'ombe, basi achunge hii. Wiki chache akafa. Ukitafuta leo Ituri yote hautapata ng'ombe hata moja yenye alama ya Baba.

Baada ya Noeli, weye umekwisha kurudi Bunia, mutu alikosea hapa kandokando ya ziwa, akapanda pikipiki ya Lionel akafikiri ni yake. Aliirudisha kesho yake na haya mingi. Lionel akasema inafaa kuitia alama kama ng'ombe ya Baba, upande wa kushoto kama Baba alivyofanya. Nilimuchorea na makaa, kwa sababu yeye hakujua pembe inaanzia wapi. Alipasha kisu moto akafuata. Priscille alikuwa mugongoni kwake, akamuvuta mukono, pembe ya kulia ikateleza ndefu mpaka chini. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilimuambia ng'ombe yake ni kilema. Akajibu hivyo njo vizuri, hakuna mutu mwingine atakuwa na kilema kama hii.

Nilipofungua kitambaa nilikuwa nimesonga bukari ya muchana. Chapa yako ukiiangalia tu haisemi kitu, mistari inasimama juu juu, kushoto iko kulia. Nikafikiri: yeye anaigonga juu ya kitu chororo. Nikalainisha bukari na maji, nikaikandamiza, nikaibandua. Ile mikwaruzo ya jiwe ilitoka nyembamba, karibu hauioni. Alama ya kisu iliingia ndani. Haikutoka yote, mustari wa katikati ni nusu, kwa kuwa chapa yako haikufika pale. Lakini pembe zote mbili ziko, na ya kulia ni ndefu.

Mama mukwe alikuwa amekaa anangojea chakula. Aliona. Sikumuelezea kitu, ile alama alikuwa anaikuta chini ya muguu yake kila siku ya yenga, Lionel akimupeleka kanisani. Alifunika bukari na mikono yake yote mbili, na bukari ilikuwa ya moto. Kisha akasema:

"Hakuna bibi ku Bambu. Hakuna muchimbaji aliyemuona. Nilimupatia bibi ili akuwe na fasi ya kulala."

Nilitaka kumukasirikia, Ézéchiel. Miezi yote amenilisha ule mwanamuke asubuhi na jioni. Nilishindwa. Mimi pia nilikuwa ninamuhitaji. Nikiwa peke yangu nilikuwa ninamupangia mambo: kwamba anamufulia mashati, kwamba mvua ikinyesha anamuita aingie. Sasa ninalia wawili, bwana yangu na ule mwanamuke. Mama mukwe na mimi tunalala mu chumba kimoja tangu siku ile.

Lionel hangeuzisha ile pikipiki, unajua. Hata kama angeniacha, hangekwaruza alama ya Baba na jiwe.

Matanga inaanza siku ya posho, siku ya sita ya juma ijayo. Hatuna mwili. Pasteri anasema tuzike mashati yake, na tutafanya hivyo. Ile bukari tulishindwa kuikula na tulishindwa kuitupa, mama mukwe ameianika juu ya mabati kama samaki. Chapa ninabaki nayo.

Usianze kuniandikia kwamba ni mikono yako. Mikono yako haikumungojea ku njia. Ungeiacha kama ilivyokuwa, mwalimu wa Aru angeichukua vilevile, na mimi ningekuwa ningali ninatukana mwanamuke ambaye hayuko.

Lakini niambie kitu kimoja, na usinidanganye kama ulivyonidanganya juu ya kitambaa. Njia ya Aru nitaipita tena, kuko samaki za kupeleka. Nikiikuta ile pikipiki imesimama mahali, nitaijua?

Yaya yako,
Léonie


Bunia, tarehe 8 mwezi wa saba 2024

Yaya,

Ninakuja na Kule siku ya tano. Ninaleta mabati mawili ya kivuli, na kahawa, na chuma ya Baba. Iko kwangu tangu kifo yake, imeshika kutu, sikukuambia kwa sababu nilifikiri utaniomba.

Niliiangalia, ndiyo. Niliipeleka ku dirisha nikaigeuza mpaka nikaona pembe. Nikaenda kwa Sébastien. Nilimueleza yote, akakaa juu ya tairi, nikaondoka. Kesho yake alikuja hapa na kunipa jina ya kijiji fasi aliyonunulia. Ni ku njia ya Bambu. Watu wale hakuwajua na hakuwauliza. Jina ya ule mwalimu hakuandika. Alilia, yaya, na mimi nilimuangalia tu. Sijui kama anasema kweli na sina nguvu ya kujua.

Tangu siku ile watu wananiletea vifuniko na ninawarudisha. Arlette, yule anayesuka nywele hapa kando, ananiuliza kama ninaumwa. Ninamuambia ni macho.

Swali yako nimekaa nalo siku tatu. Nilitaka kukuandikia kwamba ndiyo, utaijua, kwamba kazi yangu iko na kasoro fulani ambayo mimi tu naijua, pembeni, karibu na skruu. Niliandika hivyo, nikapasua.

Hapana, yaya. Hautaijua. Ile pembe ya kulia njo ilinisumbua kupita zote, kwa hiyo njo niliisugua kupita zote, na ilipoisha niliimba. Ikisimama mbele yako itakuwa pikipiki nyekundu ya mwalimu. Hata ukifunga macho ukapitisha mukono pale, upande wa kushoto, chini ya goti, hautasikia kitu.

Mudogo yako,
Ézéchiel